Neno Moja, Maana Mbili

Mama alianza kusahau mwaka ule nilipoajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kwanza ilikuwa chumvi kwenye muthokoi, mahindi yake ya kukoboa na maharagwe. Kisha akawa ananiita kwa jina la dada yake, aliyezikwa Ukambani kabla sijazaliwa.

Alasiri moja jirani alikuja dukani akihema. Geti letu lilikuwa wazi na mama hakuwepo. Nyuma ya ploti yetu ulikuwa uwanda mtupu hadi mbugani, na wiki hiyo simba walikuwa wameua mbuzi kwenye boma la karibu. Nilikimbia huku nikiita. Kila nyasi zilipotikisika nilisimama. Nilichoogopa zaidi ni kuiona leso yake chini, peke yake.

Jua lilikuwa limeshuka mwanamke mmoja wa Kimaasai aliponipungia mkono kutoka bomani kwake. "Mama yako iko hapa," aliniambia. "Amekunywa chai."

Mama alikuwa ameketi kwenye ngozi ya mbuzi, miguu mitupu. Nilipiga magoti nimkumbatie, akajivuta nyuma.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mwenyeji wake. "Mwambie asinishike."

Hofu ya simba ilikuwa imeniisha. Hii nyingine haijaniisha mpaka leo.

Kesho yake nilimweleza mwenye duka, mjane wa Kihindi, kwa nini nilikuwa nimetoka dukani mbio. Alisikiliza, kisha akaniambia kwamba katika Kisanskriti, lugha ya sala zao, kuna neno *smara*. Maana yake ni kumbukumbu, na neno hilo hilo ni mapenzi pia.

Nikamuuliza kama anayesahau basi ameacha kupenda.

Alipanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa. "Mimi pia naogopa hilo swali," alisema. "Mzee wangu alinisahau kabla hajafa."

Nyumbani nilitia kufuli getini. Mama aliishi miaka mingine michache. Asubuhi nyingine alinikimbia hadi pembeni mwa kitanda. Nyingine aliniachia kichwa chake nimsuke, akiimba wimbo wa kanisani. Sikuwahi kujua alidhani mikono ile ni ya nani.

Siku hizi nikikutana na mtu sokoni na jina lake likanipotea, nasimama nimeshika kikapu, moyo ukinidunda, mpaka lirudi.