Kofia ya Mwimbaji Kando ya Kaburi

Jumamosi nilikuwa kwenye mazishi kule Manga. Marehemu tulisoma naye shule ya bweni, ambako alibandika picha ya mwimbaji fulani ndani ya sanduku lake. Wasichana wote tuliwehuka kwa nywele za yule kijana. Siku hizi anapiga muziki wa kantri, na familia ilikuwa imemwalika aimbe. Akaja na gitaa, buti na kofia pana.

"Wanaume tutoe kofia, tuombe," akasema mwenyekiti wa mazishi.

Zote zikatoka isipokuwa moja. Mwimbaji aliishika yake kwa mikono miwili.

"Mzee, hii ni sehemu ya kazi yangu."

"Hapa hatuziki mtu tukiwa na kofia kichwani."

Wanaume waliochimba kaburi wakaegemea majembe, wakimkazia macho. Mume wa marehemu akasimama.

"Toa, ama uende."

Akaivua. Kichwa kilikuwa kipara kitupu. Mama wa marehemu akanyanyua uso.

"Imba sasa, mwanangu," akasema. "Hata huyu wangu, dawa za saratani zilimmaliza nywele."

Akaimba ule wimbo wake wa mapenzi wa siku zetu za shule, polepole, na gitaa lake la kantri.

Miaka yote nimemsema hapa kwenye safu yangu kwamba aliacha nyimbo za mapenzi akafuata soko. Nilikosea. Alikuwa amefuata kofia, na Jumamosi hakuihitaji.