Mtungi wa Klaas Brodersen

Watu wakiniuliza marehemu mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, huwajibu kwamba Volkert alikuwa na wake wawili, mimi na nyambizi, na mke mdogo nilikuwa mimi. Wanacheka. Mimi mwenyewe nilichelewa kucheka, maana meza ya jikoni ilikuwa yangu kwa jina tu. Nikitaka kukata kitunguu, lazima kwanza nimsogeze nahodha fulani wa pichani na mabaharia wake waliokwisha kufa. Sasa meza ni yangu yote, imekaa nyeupe, na jinsi ninavyoichukia Mungu ndiye anayejua.

Tuliishi Laboe, pale ghuba ya Kiel inapofunguka kuingia baharini, karibu kabisa na nyumba ya mama yake. Kwa kazi Volkert alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Mitambo hukaa vyumba vya chini, na pwani hii yetu ni huko chini wazee walikoficha vita vyao: kofia, darubini, picha za vijana wenye ndevu waliojipanga juu ya sitaha ya nyambizi wakicheka kama wametoka harusini. Volkert aliingia kutengeneza pampu, akatoka na picha kwapani. Hakuiba, jamani, aliomba. Alimaliza kazi, akanawa mikono, akakubali kahawa, kisha akauliza polepole, "Mzee, huyu wa kushoto ni nani?" Basi. Nyumba imeshapata joto, mzee ameshaanza kulia, na huku kwangu supu inapoa.

Hakuwa mtu wa kuzisifu zile nyambizi. Bwana mmoja alikuja kutoka Hamburg, viatu vinang'aa, akakaa jikoni kwangu akihubiri ushujaa. Volkert akamshika mkono, akampeleka ukumbini alikobandika picha za meli za mizigo zilizozamishwa, pamoja na majina ya wapishi na makuli waliokufa ndani yake.

"Anza na hawa," akamwambia. "Ukiwamaliza, njoo unieleze huo ushujaa."

Yule bwana hakurudi mezani. Kahawa yake nikainywa mimi.

Sababu ya yote hayo ilikuwa baba yake. Klaas Brodersen alikuwa mtu wa injini ndani ya nyambizi mojawapo. Namba yake naiacha. Alikuja likizo kiangazi cha mwaka arobaini na tatu, vita vya dunia vikiendelea, akarudi baharini, akapotea. Hakuna aliyejua wapi. Mkewe Alwine, mama mkwe wangu, aliletewa habari mbili tatu kavu, na majira ya machipuko yaliyofuata akamzaa Volkert. Baba na mwana hawakuwahi kuonana hata dakika. Mume wangu aliwatafutia watu baba zao, kaka zao, wachumba wao, akawapata chungu nzima, na kila alipowapata alirudi nyumbani kimya. Nilijua anawaza nini.

Kitu kimoja tu kilibaki kutoka mikononi mwa Klaas, nacho kilikuwa mtungi.

Huku kwetu kila nyumba inayojiheshimu ina mtungi wa matunda na ramu. Stroberi zikiiva unaweka stroberi, sukari juu, ramu juu. Cheri zikiiva unaongeza cheri. Hivyo hivyo unafuata miti hadi plamu za mwisho, halafu unafunika, na Krismasi inapokaribia mnakaa mnakula, mashavu yanawaka hata ya mchungaji. Klaas alikuja likizo na chupa za ramu kutoka bandari ya Ufaransa, akajaza mtungi kwa mkono wake mwenyewe. Alizikuta stroberi, akazikuta cheri. Plamu hakuzikuta. Mama Alwine hakuongeza kitu tena katika mtungi ule. Aliufunga kwa kitambaa na nta akausukuma mwisho wa chumba cha chini, na Volkert alipokuwa mtoto aliwahi kugusa kifuniko chake tu akala kofi ambalo alilisimulia hadi uzeeni. Wa kula wa kila mwaka mama alitengeneza katika mtungi mwingine, na huo aliwagawia majirani bila choyo.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kuwa bingwa na bado akaanguka.

Mabaharia wa nyambizi walikuwa na desturi ya kuchora nembo kwenye mnara wa chombo chao. Wengine walichora samaki, wengine kiatu cha farasi. Nyambizi ya kina Klaas ilikuwa na jogoo aliyeshika mwavuli. Na kama kuna jambo Volkert aliwafokea wanaoanza utafiti, ni hilo la nembo. "Nembo si ya chombo," aliwaambia, kidole juu, "ni ya nahodha! Nahodha akihama, anahama nayo kama unavyohama na kitanda chako. Usinitajie chombo kwa nembo peke yake, nitakufukuza." Na kweli aliwafukuza.

Siku moja ikamfikia picha iliyopigwa kutoka ndege ya Waingereza, kusini-magharibi mwa Ayalandi, mabomu yakiwa ndiyo kwanza yanaanguka. Nilikuwa nakanda unga. Nikasikia ukelele.

"Telse! Telse, njoo! Nimempata baba!"

Nikakimbia na mikono yangu ya unga. Mwanamume mzima, nywele zote mvi, amekaa na lenzi mkononi, machozi na kamasi vinakwenda pamoja.

"Jogoo yule pale, na mwavuli wake. Unamwona?"

Niliona doa jeupe juu ya doa jeusi. "Namwona," nikasema. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mama Alwine alikuwa ameshapita miaka themanini, lakini alitaka kwenda. Alisema hatazikwa kabla hajamfikishia Klaas kilicho chake. Tukasafiri hadi Ayalandi, tukampata mvuvi mwenye boti ya injini, mpole, hakuuliza maswali. Mama alikuwa amekumbatia chupa kubwa ya mdomo mpana, imefungwa kwa taulo.

"Mtungi uko wapi, Mama?" Volkert akauliza.

"Mzito. Nimechota."

"Umechota wote?"

"Usinihoji kama polisi. Tuko wapi?"

Tulipofika mahali alipopaonyesha Volkert, mvuvi akazima injini. Mama akafungua chupa, harufu ya ramu ikatupiga usoni. "Haya, Klaas," akasema, "mwanao ndiye huyu." Akamimina. Stroberi zilizopauka, cheri, nusu za plamu, vyote vikaelea kidogo juu ya maji, shakwe wakashuka kuvigombea na mama akawatukana matusi ambayo sikujua anayajua. Volkert alivua kofia akalia kwa sauti. Sikuwahi kumpenda kama siku ile.

Tuliporudi alikuwa mtu mwingine. Alilala. Alipanda maharage. Alinipakia rangi kuta za jikoni, na picha zikapungua mezani hata nikaanza kuzikumbuka. Nilisema moyoni, Alwine amemponya mwanawe kwa chupa moja.

Haikudumu. Mpiga mbizi mmoja wa Uskoti alikuwa amekuta mabaki ya nyambizi chini kabisa, kaskazini mwa nchi yao, akamtumia Volkert filamu ili amsaidie kuitambua. Tuliitazama pamoja tukila mkate na samaki waliokaushwa kwa moshi. Maji ya kijani, kutu, samaki wanapita. Kisha mwanga ukafika kwenye pangaboi la nyuma linalosukuma chombo, mkono wenye glavu ukafuta uchafu, na namba ya kiwandani ikatokea. Volkert akaweka mkate chini.

"Ni ya baba," akasema.

"Ya baba si ile ya Ayalandi?"

Alikwenda kwenye makabati yake, na akapata jibu upesi mno, maana alikuwa nalo siku zote. Nahodha wa kwanza wa kina Klaas alihamishiwa nyambizi mpya kiangazi kile kile. Akaenda na jogoo wake, mwavuli na yote. Iliyopigwa Ayalandi ilikuwa hiyo mpya. Kosa alilowafokea wengine maisha yake yote, alilifanya yeye, kwa mtu mmoja tu duniani ambaye hakutaka kumkosea.

"Nimemfanya mama amwage baba kwenye maji matupu," akaniambia. "Kile alichokitunza ujana wake wote, Telse. Kimeliwa na shakwe kwa ajili ya ujinga wangu."

"Basi usimwambie! Atajuaje?"

"Nimekaa kwenye meza za kina mama wangapi nikiwaambia kweli? Wa kwangu nimfiche?"

Alikonda siku zile. Hakugusa chakula, hata viazi vya kukaanga na nyama ya nguruwe, na Volkert kukataa hivyo ni sawa na mwingine kulazwa. Nilimwonea huruma, na niliogopa pia. Nilimwogopea Mama Alwine, mwanamke wa umri ule, akiambiwa kwamba kumbukumbu yake imekwenda bure, moyo wake utasema nini?

Jumapili tukaenda kwake kwa kahawa kama kawaida. Alikuwa ameoka keki ya siagi. Volkert alikaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyevunja dirisha, akamweleza yote: jogoo, nahodha, pangaboi, Uskoti. Hakujitetea hata neno. Mama aliendelea kukata keki, vipande vyote sawa, akalamba kisu, akakiweka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Nisamehe."

"Kwa hiyo yuko Uskoti."

"Kwa hakika, safari hii. Namba imo kwenye chuma."

"Mwaka juzi ulisema kwa hakika Ayalandi." Akanigeukia mimi. "Telse, miguu yangu haitaki ngazi leo. Shuka chini, nyuma ya viazi, uniletee mtungi wa Klaas. Na vijiko."

Nikamtazama Volkert. Naye ananitazama mimi.

"Mama," nikasema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa, "tuliumwaga. Mbele ya macho yetu."

"Tulimwaga wa mwaka ule, wa majirani! Plamu hamkuziona? Zimeelea pale kama bata. Klaas aliweka plamu lini, naye aliondoka cheri zingali mtini? Mtafiti gani wewe, unaona jogoo toka kwenye ndege na plamu mbele ya pua yako huioni?"

Volkert akahesabu kwa vidole: stroberi, cheri, plamu.

"Nimeishi na nyinyi watu wa nyambizi," mama akaendelea. "Leo mnamweka mtu huku, kesho mnamhamishia kule. Nikubebeeni kitu cha Klaas kwa maneno hayo? Sijachizika bado."

"Kwa nini basi ulikwenda?" Volkert akauliza. "Safari yote ile, Mama. Na umri wako."

"Nilitaka ulale," akasema. "Tangu utoto wako hukulala vizuri."

Hapo mume wangu akainamisha kichwa mezani. Mimi nilishuka haraka, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wanione. Mtungi ulikuwa pale pale nyuma ya viazi, na vumbi lake, nta haijaguswa. Niliupandisha kifuani.

Mama aliikata nta kwa kisu cha keki. Alituambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba mara ya mwisho kuonana na Klaas waligombana, na waligombania sukari. Wakati wa vita, sukari ni ya mgao! Klaas alimimina sukari yote ya nyumba mle mtungini, mama akapiga kelele, Klaas akacheka tu, akamwambia siku moja mtamtafuta mtu aliyewalisha tamu hivi. Akaenda zake. Mama mlangoni alikuwa bado amenuna, hakumpungia mkono.

Stroberi zilikuwa zimepoteza rangi kabisa, na cheri zilikuwa nyeusi. Mama alimpa mwanawe kijiko cha kwanza. Volkert akaishika cheri mdomoni muda mrefu, akafumba macho, akaitafuna, akatoa kokwa akaliweka kwenye kisahani. Tulimngoja.

"Amezidisha sukari," akasema.

"Si ndivyo nilivyomwambia!" Mama akapiga meza, vikombe vikaruka, akacheka mpaka akalia. "Mtu yule hasikii! Nilimwambia, Klaas, sukari nyingi!"

"Nyingi mno," Volkert akasema, akichota tena. "Baba naye."

Nimeishi na mwanamume yule tangu ujana wangu. Nilimsikia akimtafuta baba yake, akimwota, akimlilia. Kumnung'unikia tu, kama mimi ninavyomnung'unikia baba yangu na wewe wako, nilimsikia kuanzia Jumapili ile, na hakuacha hadi alipokufa.