Mtarakwa wa Chunguni, Likoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, mkasi na onyo. Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vinaendelea, nami nimetoka Rabai nikiwa nimeoa juzijuzi. Bwana Mhandisi wa bandari alikaa Likoni, na bustani yake ilisimamiwa na Mnyapara, Mzee Chengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Humu utagusa vyote, isipokuwa kile," akanionyesha barazani.

Kilikuwa chungu kipana kisicho na kina, na ndani yake mti usiofika dhiraa moja. Ndio bonsai, yaani mti unaopunguzwa mizizi na matawi na kufungwa waya, ukazeeka bila kurefuka. Huu ulikuwa wa jamii ya mtarakwa wa bara, majani yake kama magamba. Bwana Mhandisi na mkewe waliununua Japani, na mke huyo alikuwa ameshafariki.

Bwana alipoitwa kwenda kazi ya vita, alimwambia Mnyapara mbele yetu, "Chengo, mti huu usikauke."

Mzee Chengo alitia maji asubuhi na jioni. Mvua za masika zikaja, zikirushwa na upepo hadi barazani, naye hakuacha. Nilizamisha kidole katika udongo, nikakuta tope.

"Mzee, bado umelowa. Tuuache siku mbili tatu."

"Uliambiwa wewe au niliambiwa mimi?"

"Uliambiwa wewe, mzee."

"Basi lete ndoo."

Nikaleta.

Majani yakaanza kuwa ya kahawia. Nyinyi mnaoishika kazi hii leo, jueni kwamba rangi hiyo haina sababu moja. Majani ya ndani yakizeeka hukauka yenyewe. Yakififia kama yamepakwa vumbi, weka karatasi nyeupe chini ya tawi ugonge. Vidoa vikitembea, huo ni utitiri. Nikagonga, na vidoa vikatembea. Nilifurahi mno kuugundua ugonjwa. Tuliosha majani kwa maji ya sabuni mara tatu, kila baada ya siku chache, na Mzee Chengo akanipa muhogo wa shambani kwake nimpelekee mke wangu.

Lakini kahawia ikazidi, sasa kuanzia kwenye ncha. Nikakwaruza gome la tawi kwa ukucha. Tawi lililo hai huwa kijani chini ya gome. Hili lilikuwa kavu. Ndipo Mnyapara aliponiruhusu kuung'oa. Mizizi mizima huwa migumu, ncha zake nyeupe. Hii ilikuwa myeusi, inamenyeka vidoleni, inanuka kama mtaro, na tundu la chungu limezibwa na tope. Tulikata iliyooza, tukaupanda upya katika mchanga wa chembe kubwa na vigae vilivyopondwa. Mtarakwa mizizi ikishakufa, majani hukaa kijani wiki nyingi. Tulikuwa tukiosha maiti.

Vita vilipokwisha Bwana Mhandisi akarudi. Aligusa tawi, likapukutika lote mkononi mwake.

"Nani alikuwa akiutia maji?"

Mzee Chengo alinitazama. Nadhani alitaka ninyamaze tu.

"Mnyapara, bwana. Mimi nilimwambia akakataa."

Kila neno lilikuwa kweli. Bwana hakuuliza nani alileta ndoo, nami sikusema. Mzee Chengo alifukuzwa siku ileile. Akiwa anatoka langoni aliniambia, "Zibua matundu ya vyungu vingine, mwanangu, masika hayajaisha." Jumatatu nikawa Mnyapara mimi.

Baadaye nilitunza bustani ya kiwanda Changamwe, kisha ya shule moja Kisauni, nikafundisha watu wengi kuzamisha kidole kabla ya kutia maji. Waliniita fundi. Sikuwahi kulipokea jina hilo kwa raha.

Nilipostaafu nilikwenda kumtafuta Mzee Chengo. Nilimkuta binti yake, mtu mzima, akanipa kiti na maji ya kunywa. Babake alikuwa amekufa zamani. Tangu Likoni, alisema, hakushika tena jembe la mtu. Alishinda ndani, akiulizwa hajibu.

"Kumbe mlifanya kazi pamoja," akasema. "Basi wewe, baba, wajua. Ni nani aliyemsema kwa mzungu?"

"Sijui, mwanangu," nikamjibu.

Akanishukuru kwa kuja, akanisindikiza hadi njiani. Sijarudi.