Mioto Miwili, Nyumba Moja

Niliisikia kabla sijaona chochote: sauti nyembamba isiyokatika, kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno na hafiki mwisho. Ilitoka jikoni, nyuma ya pazia la chumba nilicholala. Jogoo walikuwa wamewika mara moja tu. Ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka mpaka kijijini kwetu Gendabi, kama unavyoshuka kila mwezi wa saba, na dirisha langu halikuwa na tofauti na ukuta.

Nilikaa kitandani nikisikiliza. Kwanza nilidhani ni manyunyu juu ya bati, lakini mwezi wa saba kwetu hauna mvua. Kisha nikadhani ni maziwa yanataka kuchemka. Halafu harufu ikanifikia, harufu ya yai bovu, nikajua ni gesi.

Mtambo wa gesi niliuleta mimi.

Mwaka uliotangulia mama alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Nikampeleka hospitali ya Katesh. Daktari, kijana aliyepangiwa kazi kwetu kutoka Tanga, alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akamuuliza amepikia kuni miaka mingapi.

"Mwanangu," mama akamjibu, "na wewe umekula ugali mara ngapi?"

Daktari alicheka. Aliponiita pembeni hakucheka tena. Aliniambia moshi unayala mapafu yake taratibu, na kama nataka kuendelea kuwa na mama, nimtoe kwenye moshi. Nyumba yetu ni ya tofali na bati, na jiko liko ndani, katikati ya vyumba viwili, kwa sababu baridi ya huku haikuruhusu kupika nje. Tangu nizaliwe moshi umekaa humo na sisi. Umezitia rangi nguo zetu, umeyafanya mabati kuwa meusi kama chungu. Sikuwahi kuuogopa mpaka siku ile.

Nikamtafuta fundi wa Babati. Alichimba shimo nyuma ya zizi, akajenga ndani yake kitu kama chungu kikubwa kilichofukiwa, akatufundisha kukoroga mavi ya ng'ombe na maji, ndoo kwa ndoo, akapitisha bomba ukutani mpaka kwenye jiko la chuma. Siku alipowasha, moto wa bluu ulichanua pale, mdogo, bila ukuni wala moshi, na watu waliokuja kuangalia walinyamaza kama wako kanisani. Mzee mmoja aliinama akanusa sufuria. Alitaka kuhakikisha maji hayanuki zizi.

Fundi aliacha masharti mawili. Ukimaliza kupika, funga koki. Na chumba hiki kisiwe na moto mwingine wowote. Mama aliyaitikia yote mawili kwa upole uleule anaoitikia mahubiri.

Siku hizo kila kitu kilikuwa kinabadilika kwa haraka ambayo sisi tuliipenda bila kuiuliza maswali. Nguzo za umeme zilikuja na barabara, zikaingia nyumba hii, zikairuka ile. Kule Getanuwas vijana walikuwa wakichajisha simu za kijiji kizima kwa paneli moja iliyofungwa juu ya paa. Sisi tulikuwa na taa mbili za sola, ambazo ukungu ukikaa siku tatu huzimika. Alfajiri ile ukungu ulikuwa wa siku ya nne.

Lakini mama alikuwa na moto mwingine.

Alipoolewa, bibi, yaani mama mkwe wake, alimpa makaa kutoka kwenye mafiga yake mwenyewe, ndani ya kigae cha chungu. Mama akayaweka kati ya mafiga yake mapya, na tangu hapo moto ule haujazimika. Jioni huufunika majivu, alfajiri huufunua. Nyumba ya mwanamke aliye hai haikosi moto, ndivyo walivyolelewa. Kiberiti kiko dukani na kila mtu anacho, ila majirani bado huja kwa mama asubuhi kuomba moto, kwa mazoea na kwa heshima.

Nilidhani gesi imekomesha hayo. Wiki mbili baada ya fundi kuondoka niligusa majivu kati ya mafiga, nikakuta ni ya moto. Sikumkataza mama. Niliona ni jambo zuri mno kulivunja. Niliandika hata ukurasa mzima juu yake, mikono ya mama ikiyafunika makaa kama mtu anayemlaza mtoto. Nilipendezwa na sentensi zangu, nikayaacha masharti ya fundi yapite. Hilo ni kosa langu, na silipunguzi.

Sasa nilikuwa kitandani gizani, na gesi ilikuwa ikimwagika kwenye chumba chenye makaa hai.

Mlango wa nje ukafunguliwa. Nikasikia miguu ya mama, ndoo ya maziwa ikigusa sakafu. Alikuwa ametoka kukamua. Kisha miguu ikasimama.

"Usishuke kitandani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kuna nyoka humu."

"Mama, si nyoka."

"Namsikia anapumua. Ni kifutu. Amefuata joto, yuko hapa kwenye mafiga. Tulia nipate mwanga."

Nikasikia kijiti kikikwaruza majivu.

"Mama, acha! Usichokoe huo moto!"

"Usipige kelele, atakuja huko kwako."

"Ni gesi! Toka nje, mama, ni gesi!"

"Gesi ina mdomo?"

Simu ilikuwa chini ya mto, na simu ina tochi. Niliishika, nikaiachia kama kitu kinachouma. Sikujua kama cheche ndogo ndani ya simu inatosha kutulipua. Mpaka leo sijui. Nilileta nyumbani kitu nisichokijua, nikamkabidhi mama yangu, nikarudi zangu mjini. Sasa nilikuwa nimekuja likizo ya wiki moja, na nilikuwa nikimsikia akipiga magoti.

Akavuta pumzi. Naijua pumzi ile tangu utotoni: ndefu, ya kujaza mashavu, ya kuamsha makaa.

Sikumbuki kuvuka pazia. Nakumbuka bega lake kwenye viganja vyangu, na jinsi lilivyokuwa jepesi. Nilimsukuma mama yangu. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote mpaka akaanguka nje ya kizingiti, na mguu wangu ukaikumba ndoo, maziwa yakatapakaa kwenye sakafu, ya uvuguvugu, kati ya vidole vyangu. Nikarudi ndani nikipapasa ukuta. Bomba nililipata. Koki sikuipata. Nikaipata. Nilisahau inafungwa kushoto au kulia, nikaizungusha huku, nikaizungusha huko, na sauti ikakatika.

Kati ya mafiga, kijiti cha mama kilikuwa kimefungua tundu kwenye majivu. Ndani yake palikuwa na kaa jekundu, dogo kama punje ya harage. Nilichota majivu kwa viganja vyote viwili nikalifunika, kisha nikakimbia.

Baadaye fundi aliniambia kwa simu kwamba huenda tulipona kwa sababu gesi ilipanda juu ikatokea kwenye uwazi wa moshi chini ya bati. Huenda na majivu yalikuwa mazito. Alisema "huenda" mara nyingi.

Mama alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele, kanga imelowa maziwa. Hakuwa ameumia. Aliniangalia kama anavyomwangalia mgeni ambaye bado hajajitambulisha.

"Umenisukuma."

"Nimekusukuma, mama. Nisamehe."

"Tangu nizae, hakuna mtoto aliyenisukuma."

"Koki ilikuwa wazi. Uliwasha jiko?"

"Niliwasha nipate maji ya uvuguvugu, ya kuosha chuchu za ng'ombe. Kisha nikauzima moto."

"Uliuzimaje?"

Akakunja midomo, akapuliza ukungu uliokuwa mbele ya uso wake. Puu. Pumzi moja fupi, safi, kama anavyozima koroboi. Maisha yake yote amezima koroboi hivyo, na alipouona moto wa bluu, mdogo na mtulivu kama utambi, mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya. Moto ukamtii. Akachukua ndoo akaenda kukamua, akiamini ameacha nyumba salama.

Niliogopa zaidi hapo, nje, kuliko nilivyoogopa ndani. Koki ningeweza kuifunga. Ile pumzi je?

Mapambazuko yalikuwa yanaingia kijivu tulipomwona jirani yetu akija, bangili zake za shaba zikigongana. Yeye ni Mbarbaig, mke wa mfugaji wa boma la pili, rika la mama. Sisi ni Wairaqw, na kwa kuwa kila mmoja ana lugha yake, wawili hao wamezeeka wakitaniana kwa Kiswahili. Mkononi alishika kipande cha mavi makavu ya ng'ombe, cha kubebea kaa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona mmekaa nje kama mnangoja msiba? Mama mtu, umejikojolea maziwa?"

"Gesi imetutoa," mama akasema.

"Nilisema mimi! Ng'ombe wangu wakinya, wamekunya, basi. Nyinyi wenu mnayakusanya mpaka mavi yanaota hasira."

"Cheka tu. Wewe ndiye unayezunguka kuomba moto kwa watu."

"Naomba kwako kwa sababu wako ni mtamu. Lete basi, wajukuu wanaganda."

"Ngoja jua litoke. Sasa hivi hakuna anayeingia humo."

Jirani alitaka kuongeza neno, akaiona mikono yangu iliyojaa majivu, akaacha. Akakaa chini karibu na mama, bega kwa bega.

Nilifungua madirisha yote kutokea nje. Kisha nikamwambia mama kwamba nitampigia fundi aje aukate mtambo, siku hiyohiyo.

"Na kifua changu?" akauliza.

Nikageukia kule nyuma ya zizi, ulikofukiwa mtambo.

"Daktari alisema nini? Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia. Mnadhani wazee hawasikii."

"Basi twende ukakae kwangu mjini."

"Nyumba yangu nimwachie nani? Huyu?" Akamwelekezea jirani kidevu.

"Niachie," jirani akasema. "Nitaingiza ndama wangu. Watalala pazuri."

Walicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Mimi nilikuwa nikiangalia nyumba. Moshi ukibaki, mama atakwenda taratibu mbele ya macho yetu. Gesi ikibaki na makaa yakibaki, itatosha alfajiri moja ya kusahau, na mimi sitakuwepo. Mama naye alikuwa akiiangalia, na nadhani alikuwa akiwaza hayohayo, ila yeye alikuwa na kitu cha kutoa.

Jua lilipoanza kuupasua ukungu, niliingia peke yangu, nikanusa kila pembe, nikanusa mpaka chini ya meza kama yule mzee na sufuria. Harufu ilikuwa imekwisha. Nikawaita.

Mama alichukua sufuria kuukuu, akatandika majivu chini yake, akapiga magoti kwenye mafiga. Akaanza kuchota makaa kwa kigae. Lile la kwanza. La pili. Jirani akanyoosha kipande chake cha mavi makavu, kama kawaida, apewe moja. Mama hakukitazama. Aliendelea kuchota.

"Imetosha," jirani akasema.

"Chukua wote."

"Wote?" Uso wake ukabadilika, utani ukaondoka. "Sichukui. Moto wote hutolewa kwenye nyumba ya marehemu. Mimi sikuja kukuzika."

"Huniziki. Unanitunzia. Nikiutaka nitakuja asubuhi kukuomba, kama unavyoniomba wewe. Nawe unitukane kidogo kabla ya kunipa."

"Na huyo wa bluu? Utamweza?"

"Huyu mwanangu atanifundisha. Amenisukuma, lazima anifundishe."

"Na akiondoka?"

Kigae cha mama kikasimama hewani. Nilitaka kusema niachieni mimi uamuzi, mimi ndiye niliyeleta yote haya. Nikaona kwamba sina haki hiyo. Nilitaka pia kusema aendelee kuchota, haraka, asibakishe hata cheche. Nilisimama na maneno hayo mawili mdomoni.

Mama alitoa kaa la mwisho, akakwangua majivu mpaka chini. Sikuwahi kuiona sakafu kati ya mafiga yale. Ilikuwa nyeusi, laini, imezama kidogo, kama mahali alipolala mnyama kwa miaka mingi. Aliweka kiganja pale, akakiacha, mpaka nadhani joto likaisha.

Jirani alizungushia sufuria upindo wa shuka lake, akainyanyua polepole kwa mikono miwili. Hakuwa na mzaha wowote uliobaki. Mama alimtangulia mlangoni. Hawakuagana, wala sijui watu wangeagana vipi kwa jambo kama lile. Jirani alivuka kizingiti, moshi ukimpanda usoni, macho yake kwenye makaa, na mama akaufunga mlango nyuma yake.