Nondo wa Kijani wa Luhwindja

Mwanangu, iko Jumatatu moja ambayo haijatoka kichwani mwangu, na leo nataka kuitoa nikupe wewe. Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaïre, kila mwanamume aliitwa Citoyen na kila mwanamke Citoyenne, yaani raia, na mimi nilikuwa msichana wa Bagira wa miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka ya sita primaire, basi. Jumatatu hiyo nilifunua sanduku dogo la bati nikaona nimeharibu kazi ya mtu mwingine. Kilichofuata kilikaribia kumpeleka mzee asiye na kosa kwenye cachot, yaani mahabusu, na waliotaka kumpeleka hawakuwa mashetani. Walikuwa watu wenye majina. Nitawataja, maana nimechoka na hadithi ambazo ndani yake mabaya yanajitenda yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kutandaza nondo, vile vipepeo vya usiku. Usicheke. Kituo kimoja cha utafiti kilikuwa na nyumba hapa Bukavu, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, na ndani yake chumba kinachonuka naftalini, kuta zote masanduku ya vioo. Mzungu aliyeyaanzisha alikwisha kurudi kwao. Tuliobaki tuliendelea: Muzee Ntaboba akikamata, mimi nikinyoosha mabawa na kuchoma pini, Citoyen Zihalirwa akiandika etiketi za majina kwa mashine, na juu yetu sote Citoyen Rugenge, shefu. Huyu Rugenge alikuwa mtunza stoo. Mzungu alipoondoka, chama tawala kikamkalisha kwenye kiti. Simlaumu kwa kupewa kiti. Namlaumu kwa alichokifanya alipokwisha kukikalia.

Muzee Ntaboba alikuwa mtu wa Luhwindja. Kusoma hakujua, lakini kwa nondo wadogo wa kijani sijaona daktari wa kumshinda. Siku zangu za kwanza nilimwambia hawa wote ni sawa tu, kijani ni kijani. Akanitazama kwa huruma.

"Kijani iko nguo, mwali wani," akasema, yaani binti yangu, kwa Kishi chetu. "Batu ba koo mbalimbali banaweza kununua kitenge kimoja kwa soko moja. Utasema ni ndugu?"

Akanionyesha koo tatu. Wa kwanza ni wale wanaolala wamejitandaza juu ya jani, bapa kama tembre juu ya barua. Kiwavi wao hana miguu ya katikati, anatembea kwa kupinda mgongo na kunyooka, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Wa pili hukunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba. Hao alikuwa akiwaleta kutoka Sange, kwenye mashamba ya pamba, ambako viwavi wao hutoboa pamba kabla haijapasuka. Wa tatu ni wadogo kuliko punje ya mpunga, na watoto wao hukunja jani wakalishona na kukaa ndani kama wapangaji wasiotaka kuonekana. Na ndani ya ukoo wa kwanza peke yake, mwanangu, iko mataifa na mataifa. Huyu ana mstari mweupe wa chaki katikati ya bawa. Huyu ana upindo mwekundu. Huyu ana nukta moja kama ncha ya pini. Wengine wanafanana kila kitu, mpaka uangalie kwa kioo cha kukuza zile nywele mbili za kichwani: huyu za kwake ni uzi mtupu, yule za kwake ni unyoya wa kuku. Mahali nilipoona majani, Muzee aliona mji mzima.

Sasa elewa jambo moja la kazi. Nondo akikauka, ukigusa bawa linavunjika kama jani la tumbaku. Kwa hiyo tulikuwa na sanduku la bati lenye mchanga uliolowa. Ukimlaza humo siku mbili analainika. Lakini Muzee alinikataza jambo moja tu katika miaka yote: wale wa ukoo wa kwanza wasiingie humo. Wao hutandazwa siku ileile. Kwa nini, sikuuliza. Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe.

Jumamosi moja Muzee alirudi kutoka Luhwindja akiwa na homa, na nondo thelathini na mmoja wa kijani amewafunga katika vikaratasi vya pembetatu. Alikuwa ameenda wiki nzima, usiku wote amesimama mvuani na shuka jeupe na taa ya petroli. Akasema, "Hawa ni wale wa leo leo, mwali," akaenda kwake Kadutu kulala. Mimi asubuhi nilikuwa nimetoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro, na jioni binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa Bagira. Nikajiambia: wale wa Sange nimewalaza kwenye mchanga mara ngapi, na wametoka wazima na kijani yao. Kijani ni kijani. Nikawalaza wote thelathini na mmoja, nikafunika, nikaenda kucheza harusi.

Jumatatu nikafunua. Wamekuwa manjano iliyochujuka, rangi ya chai nyepesi. Hata mmoja hakubakia wa kijani.

Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa bado wazi. Ningeweza kwenda mpaka Kadutu, nikamwambia Muzee: nimeharibu. Angenifokea, tungemaliza. Badala yake niliwatandaza mabawa vizuri sana, vizuri kuliko siku zote, nikawapanga katika sanduku la kioo kama kwamba ndivyo walivyozaliwa. Mkono wa mtu mwenye hatia hufanya kazi safi.

Jumanne Rugenge akapita. Akasimama. Akaleta kitabu kikubwa cha picha alichoacha Mzungu, akafunua karatasi zote za kijani na zote za manjano.

"Hii haiko kwa kitabu," akasema. Kisha polepole, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anatazama nyuma kama mwenyewe yuko: "Hii haiko kwa kitabu popote."

Jioni ileile Zihalirwa alikuwa anapiga barua ya kwenda Kinshasa: nondo mpya amegunduliwa Kivu, atapewa jina la kuheshimu chama, Commissaire, mkubwa wa serikali, anaalikwa kuja kumwona. Na Muzee akaamriwa, homa haijaisha vizuri, arudi Luhwindja alete mia moja wa manjano. Muzee aliinama juu ya sanduku na kioo chake. Alikaa pale muda mrefu. Akainua uso, akanitazama mimi, hakumtazama shefu.

"Nitaenda," akasema.

Alikaa huko siku kumi na mbili. Akarudi na kijani tupu.

"Manjano iko wapi, Muzee?" Rugenge akauliza.

"Haiko, shefu."

"Ilikuwako ile siku, leo haiko?"

"Shefu, miye nakamata ile Mungu anaweka. Sipake rangi."

Zihalirwa akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomkasirisha Rugenge. Akasema Muzee anazificha, anawauzia wazungu kwa njia ya Bujumbura, anahujumu taifa. Neno hilo siku zile lilikuwa zito, mwanangu. Mtu akishabandikwa, alichukuliwa kwanza ndipo aulizwe. Akasema kesho saa nne askari gendarme atakuja kumchukua Ntaboba, azungumze vizuri akiwa ndani.

Na mimi? Niliinama nikaendelea kuchoma pini, kama sikusikia. Niandike na mimi katika orodha ya wenye makosa, nafasi ya kwanza.

Tulipokuwa tunafunga madirisha Zihalirwa alinijia. Yeye alikuwa ameliona sanduku la mchanga Jumamosi ile. Alijua tangu mwanzo, na barua aliipiga akijua. "Citoyenne, funga kinywa," akaniambia kwa upole, kama kaka. "Ukisema, shefu anapata haya, weye unalala cachot, miye nafukuzwa. Ule muzee amekwisha kula miaka yake. Weye uko na maman nyumbani." Sura yake siisahau. Watu wabaya kabisa niliokutana nao baadaye, hata katika vita, wengi walizungumza kwa upole uleule.

Nilipanda Bagira kwa miguu, nikamkuta mama anachambua maharage. Nikamweleza yote. Hakunipiga, hakulia. Aliuliza tu, "Huyo muzee naye hana mtu nyumbani?" Akaendelea na maharage yake.

Asubuhi nikafika mapema. Gendarme alikuwa amekwisha kufika kabla ya saa yake, ameketi kwenye benchi ya barazani, anakunywa chai yetu. Muzee ameketi kando yake na koti lake la Jumapili, kama anayengoja gari la kwenda matangani. Rugenge alikuwa ndani na karatasi. Nikaona maneno hayatatoka. Basi nikachukua birika ileile ya chai, bado inatoa mvuke, nikaingia nayo biro, ofisini kwake. Nikafungua kimojawapo cha vikaratasi vipya vya Muzee, nikatoa nondo wa kijani wa Luhwindja, nikamchoma pini, nikamshika juu ya mdomo wa birika.

"Unafanya je, weye?" Rugenge akasema.

"Ungoje kidogo, shefu."

Ilichukua dakika chache. Kijani kilianza kukimbia kutoka ukingoni, kikaacha madoa, na madoa yakaungana. Gendarme alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Yule nondo alikuwa sasa manjano, rangi ya chai nyepesi. Nikamweka kando ya wale thelathini na mmoja, nikampa shefu kioo cha kukuza.

"Utazame mishipa ya bawa, shefu. Utazame nywele za kichwa, na ule mstari. Ni yeye. Miye niliwalaza kwa mchanga wa maji Jumamosi, juu ya kukimbilia harusi. Muzee alinikataza. Kosa ni yangu."

Rugenge alitazama. Najua alitazama vizuri, maana shingo yake ilianza kutoa jasho. Mashine ya Zihalirwa ikaacha kugonga chumba cha pili.

"Nani mwingine anajua?" Rugenge akauliza.

"Sijui kitu miye," Zihalirwa akajibu kutoka huko, hajaulizwa.

Gendarme akamaliza chai yake. "Sasa, shefu, nakamata nani? Kipepeo?"

Hakuna aliyecheka ila Muzee, barazani, taratibu, kikohozi kikimkatiza. Rugenge akamwambia gendarme aende, ni jambo la biro, limekwisha. Na kweli lilikwisha, maana alikuwa amepiga hesabu: Commissaire angekuja na watu wanaojua, na aibu hiyo ingemla yeye kabla ya mtu mwingine. Barua ya pili ikapigwa kusema uchunguzi unaendelea. Mimi aliniondoa kwenye nondo miezi mitatu, nikafagia ua na vyoo. Hakuwahi kumwomba Muzee msamaha, Rugenge yule, mpaka anakufa. Nami nilimfagilia ua nikiimba. Nilikuwa nimejiandaa kulala cachot. Ufagio ulikuwa mwepesi kama unyoya.

Mchana ule Muzee alinipeleka kwa mama mmoja wa Kadutu anayepika ugali na ndagala, dagaa wetu. Nilikula sahani mbili. Ndipo nikamuuliza, kama alijua siku ile ya kwanza kwa kioo chake, kwa nini hakusema.

"Nilijua hata bila kioo," akasema. "Rangi inaondoka, mifupa ya bawa haiondoke. Lakini ningesema miye, ungeitwa mwizi aliyekamatwa. Ukisema weye mwenyewe, unaitwa mutu aliyekosea. Hayo ni mataifa mawili, mwali, hata kama yanavaa nguo moja."

"Na kama nisingesema? Ungeenda cachot?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Juu ya uvivu wa mutoto wa Bagira? Hapana. Nilikupa mpaka gendarme amalize chai."

Nilicheka mpaka machozi, mwanangu, na mengi ya machozi hayo hayakuwa ya kucheka.

Leo masanduku yale hayako. Vita ilipoingia, watu waliyapasua kuwashia moto, na siwalaumu, walikuwa na baridi. Nimeona pia watu wakipangwa barabarani kama nondo, huyu huku, yule kule, kwa pua na kwa urefu, na waliokuwa wakipanga hawakuwa na macho ya Muzee Ntaboba. Walikuwa na macho yangu ya siku ya kwanza. Nimebaki hai. Wengi hawakubaki.

Basi sikia ninachokuachia. Usimweke mtu wala kitu katika sanduku moja na mwingine kwa sababu wamevaa rangi moja, na usiseme ni mgeni kwa sababu mvua imemchujua rangi. Inama, tazama mishipa. Hilo la kwanza. La pili ndilo zito: ukikosea, sema mwenyewe, na useme mapema, kabla kosa lako halijapata shefu wa kulitungia jina na karani wa kulipigia barua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kinachokufa si wewe, ni jirani yako aliyekuamini. Utaogopa. Mimi niliogopa mpaka ulimi ukagoma. Kama ulimi umegoma, tumia mkono, tumia birika, tumia chochote kilicho karibu, lakini ukweli utoke kabla chai haijaisha kikombeni. Ukishatoka, utaona adhabu uliyokuwa ukiiogopa ni ndogo kuliko usiku mmoja wa kuificha.

Nyamuzinda, Mungu wa baba zetu, akupe macho yanayongoja kabla ya kutaja jina. Akupe wazee wanaokupa muda, na akupe akili ya kutoutumia wote. Ulale usingizi wa mtu aliyekwisha kusema, mwanangu, na kesho uamke mwepesi.