Python Mpya Yahesabu Kitoweo cha Ndagoni

Saa moja asubuhi, Tekla Sospeter anapangusa kompyuta kwa pindo la kanga, anaiwasha, kisha anaikodolea macho jumla ya msimu: korija 311 na ushei, kila korija pweza ishirini.

Juzi zilikuwa 288.

"Kumbe pweza wanazaliana humo ndani?" anauliza Bimkubwa, mchokoa pweza wa kijiji cha Ndagoni, aliyekuja mapema kusikia hukumu.

Anacheka, lakini anasogea kuitazama namba kwa karibu. Wanakijiji wamekubaliana kwamba korija zikizidi 300, mwamba wanakochokoa pweza unafungwa miezi mitatu. Bimkubwa na wenzake hawana shamba jingine.

Tekla, 34, alitoka bara. Ni karani wa kamati ya pweza, kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, alijifunza kwa kubahatisha. Kompyuta ya msaada ilikuja nayo, na mpewa hachagui.

Humo mna Python mbili, lugha inayoendesha programu zake: ya 2 na ya 3. Jana aliiamuru mashine itumie ya 3 kwa kila kitu.

"Nilidhani mpya ndiyo nzuri," anasema. "Kama kitenge."

Anafungua daftari. Jumatatu waliletwa pweza 127. Python 2 huwagawa kwa ishirini, hutoa korija sita, basi, masalia inayaacha. Python 3 imetoa 6.35.

"Hao saba ni kitoweo!" Bimkubwa anang'aka. "Tulishawala! Mashine yako inahesabu mpaka tumbo langu?"

Ndivyo ilivyo desturi: wasiotimia korija hupikwa nyumbani, hawahesabiwi. Vitoweo vya siku 49 ndivyo vilivyozaa korija 23 na ushei za ziada.

Tekla hairudishi mashine nzima nyuma, maana programu ya kuchapisha ripoti inaitaka Python 3. Anafungua ile ya pweza peke yake, na kwenye mstari wa kwanza anaandika kwamba hii iendeshwe na Python 2. Anaijaribu.

288.

"Shikamoo, mashine," anasema Bimkubwa.

"Marahaba," Tekla anaijibia.

Hata hivyo, Python 2 haifanyiwi tena matengenezo. Tekla anamwambia Bimkubwa kwamba ataiandika programu upya, igawe kwa korija kamili, na kitoweo kiwe na safu yake pembeni.

"Maana pweza aliyeliwa naye katoka mwambani, bibi."

Bimkubwa anaokota fimbo yake ya kuchokolea, anajitanda kanga, anafika mlangoni ndipo anageuka.

"Umesema kweli, mwanangu. Iandike. Ila msimu ujao."