Kishindo na Dramu la Kusimama Ndani ya Mraba wa Chaki

Umekula pale mgahawani, usijitie hamnazo. Umetikisa mabega, umegonga meza kwa vidole, ukaomba chumvi, na hata siku moja hukugeuza shingo kumtazama anayekutikisa. Walipoziondoa tarumbeta wakisema zina kelele, uliendelea kutafuna. Walipomwondoa mpiga besi, ukaagiza soda nyingine. Sasa zamu imemfikia mpiga drams, nawe umeinamia sahani.

Saa tatu asubuhi, uani kwenye nyumba ya kupanga, mpigaji huyo amepiga magoti mbele ya dramu lililopinduliwa miguu juu. Kisu mkononi, kandambili mbovu pajani. Anakata soli vipande vitatu. Wapangaji wenzake humwita Kishindo.

"Kishindo, leo unapika viatu?" anauliza jirani anayefua.

"Nampika meneja," anajibu bila kuinua uso.

Kwa miaka mingi amepiga drams mgahawani kila mwisho wa wiki, mdogo wake akipiga gita. Ujira huo ndio kodi ya chumba, ndio karo ya binti yake. Mwezi uliopita meneja akaona seti yake inakula nafasi ya meza mbili. Akachora mraba wa chaki kwenye kona, kati ya friji na sinki la kunawia mikono.

"Akaniambia, 'Mama, wewe na drams zako mkienea hapo, piga. Msipoenea, nina spika, haili wala haiumwi,'" anasimulia Kishindo. "Nikamwambia, bosi, chora vizuri, kesho usije ukasema chaki ilikuwa fupi."

Mpiga drams wa kawaida hukaa kitini, vyombo vimemzunguka. Yeye akaamua kusimama. Alichukua dramu lake refu la pembeni, lenye miguu mitatu, akalipa kazi zote: ngozi ya juu aipige kwa fimbo, ya chini aipige kwa mguu. Pedeli, kikanyagio cha dramu kubwa ambacho nyundo yake hugonga kwenda mbele, akaigeuza igonge kwenda juu. Ndani akaweka ubao wa mviringo ili sauti mbili zisigombane, na chini ya ngozi ya juu akatandaza waya za kuchakarisha. Fundi wa kuchomelea akamwongezea chuma cha kubebea toazi moja.

"Dada, hili ni dramu au stuli ya baa?" mdogo wake alimtania.

"Kalia uone."

Pale uani lilinguruma hadi paka akahama. Jumamosi iliyopita wakalibeba hadi mgahawani. Likaenea ndani ya mraba, na mwenyewe akapata pa kusimama. Meneja akakunja uso.

Kisha wimbo ukaanza, na balaa nalo likaanza. Kila Kishindo alipokanyaga pedeli, nyundo ilipiga kwenda juu, na dramu likaruka kidogo. Uani miguu ilikuwa ikizama kwenye udongo, ikashika. Mgahawani ni vigae. Kabla ya kiitikio cha pili, dramu lilikuwa limeshatembea likavuka chaki.

"Limetoka," meneja akasema, mikono kiunoni. "Hata lenyewe linajua njia ya kwao."

Wahudumu wakacheka. Wateja wakacheka. Ulikuwepo.

"Nilisahau sakafu," Kishindo anasema. "Miaka yote seti yangu nimeitandikia zulia, nikajisahau. Lakini sikulia. Nilimwambia mbele za watu: Jumamosi ijayo narudi, na likivuka tena, nitalibeba mwenyewe hadi nje." Kwa kuwa watu walikuwa wakisikiliza, meneja akakubali. Mara ya mwisho, akasema.

Ndiyo sababu ya soli hizi. Anazifunga kwenye miguu ya dramu kwa waya, analisimamisha, anatundika mfuko wa mchanga katikati kuliongezea uzito, kisha analiburuta dramu hadi bafuni, kwenye saruji inayoteleza kuliko mahali popote katika nyumba ile. Anamwaga ndoo ya maji. Anasimama pekupeku, anapiga.

"Kishindo, nachelewa kazini!" anafoka mpangaji mwenye taulo begani.

"Subiri ubeti wa pili, kaka!"

Ubeti wa pili unapita, na wa tatu. Dramu halijasogea. Mwenye taulo naye ameanza kutingisha kichwa.

"Nikishinda, namtengenezea na mwenzangu wa hoteli ya mtaa wa pili," Kishindo anasema, akijifuta uso. "Naye ameshachorewa mraba."

Lakini soli za raba hushika vigae tu, hazimshiki meneja. Jumamosi meneja atatafuta sababu nyingine: waya, friji, kelele. Tunawajua, hawakuanza jana. Kwa hiyo Jumamosi saa saba mchana, nenda. Nenda na jirani yako. Usiagize hata maji. Mwite meneja mezani, umwambie kwa sauti ili meza zote zisikie: mama huyu akitolewa, tunatoka naye. Akikuletea menyu, mrudishie.